Kivinjari cha Kaunta: Hotuba kwa Wenye Stesheneri wa Dar es Salaam

Hotuba hii ilitolewa jijini Dar es Salaam mbele ya wamiliki na wahudumu wa stesheneri. Tunaiweka yote kwa ajili ya waliobaki kaunta siku ile. Picha za ukutani tumeziacha.

Ndugu zangu wa Kariakoo, wa Mwenge, wa Ubungo, wa Mbagala, na ninyi mliovuka maji kutoka Kigamboni, habari za mchana.

Nianze na swali. Ile kompyuta ya kaunta, anayokalia mteja, ina Chrome namba ngapi? Sikuulizi mashine uliinunua lini, wala ina RAM kiasi gani. Nataka namba ya Chrome. Anayeijua anyooshe mkono. Naona mikono mitatu, na mmoja nadhani anajipepea tu.

Swali la pili. Kwenye mashine hiyohiyo, tangu Jumatatu wamepita watu wangapi? Kuna aliyejaza maombi ya mkopo HESLB. Kuna aliyehakiki cheti cha kuzaliwa RITA, aliyesajili jina la biashara BRELA, anayetafuta kazi Ajira Portal, na yule mama wa duka la vipodozi aliyekuja kushughulikia leseni kwenye TAUSI. Wote wameandika maneno yao ya siri hapo. Wengine wamekutajia wewe uandike, kwa sauti, na foleni nzima inasikia.

Mwenye simu yake akizembea, anaumia yeye. Wewe ukizembea, inaumia foleni. Ndiyo maana leo sitazungumza na wenye laptop za nyumbani. Nazungumza na ninyi, kuhusu kitu kimoja tu: kuhama kivinjari cha zamani, yaani programu ya kufungulia tovuti kama hiyo Chrome, kwenda kingine, na jinsi ya kuhama bila kuharibu kazi.

Najua wapo wanaodhani suala la kivinjari ni ushabiki, kama Simba na Yanga. Tuangalie. Januari 2010 Google ilitangaza kwamba imevamiwa. Baadaye ikajulikana kuwa wavamizi waliingilia tundu lililokuwa ndani ya Internet Explorer (IE), kivinjari cha Microsoft, na walilitumia hasa dhidi ya toleo la 6, toleo kuukuu ambalo maofisi yalikuwa hayajaliacha. Kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, hakikuwepo. Ujerumani, ofisi ya serikali inayosimamia usalama wa mifumo, BSI, ikawaambia wananchi wake watumie kivinjari kingine hadi tundu lizibwe. Siku chache baadaye Ufaransa nayo ikatoa ushauri wa namna hiyo. Microsoft ikatoa kiraka cha dharura tarehe 21 Januari.

Serikali hizo zilisema Firefox, kivinjari cha Mozilla, ni takatifu? Hapana. Zilisema kivinjari cha IE ni cha shetani? Hapana. Walichouliza ni hiki: kiraka kipo? Kama hakipo, hama. Na mimi nawauliza hivyohivyo mchana huu. Kiraka kipo? Kinafika? Kinafika kwenye mashine yako?

Sasa turudi kwenye ile namba. Fungua Chrome, bofya vitone vitatu juu kulia, nenda kwenye Msaada, kisha Kuhusu Google Chrome. Namba ya kwanza kabla ya nukta ndiyo unayoitaka. Halafu bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, gonga Enter, uone Windows yako ni ipi.

Ukikuta Windows 7 na Chrome 109, sikiliza vizuri. Hiyo 109 ndiyo Chrome ya mwisho kwa Windows 7 na 8.1. Toleo la 110, lililotoka Februari 2023, linataka Windows 10 kwenda juu. Edge kwenye Windows 7 nayo iliishia 109. Brave na Opera zimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, na zenyewe zilishaiacha Windows 7. Kwa hiyo ukiona ukurasa umefunguka vizuri, picha zimekaa, fomu imejazika, usiseme "mbona inafanya kazi." Inafanya kazi, ndiyo. Kiraka kinafika? Hakifiki.

Na tena, kukosa kiraka ni kubaya kuliko mnavyofikiria. Siku kinapotoka, aliyekipokea anapona. Asiyekipokea anakuwa ametangazwa. Msimbo wa Chromium uko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo mjuzi huchukua toleo la jana, akaliweka kando ya toleo la leo, akaangalia ni mistari gani imebadilika. Akishaiona, amejua tundu lilikuwa wapi, na amejua wote waliobaki na toleo la jana wanalo bado.

Chukueni kisa cha Septemba 2023. Lilipatikana tundu kwenye libwebp, kipande cha programu kinachosoma picha za aina ya WebP. Waliolipeleka Google walikuwa Apple pamoja na watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto. Hebu fikirini: picha! Mtu hakuhitaji kupakua faili, wala kubofya kitufe. Kufungua ukurasa wenye picha iliyotengenezwa kwa makusudi kulitosha, na tayari kulikuwa na watu wanalitumia. Chrome ilikuwa na kipande hicho. Edge ilikuwa nacho. Firefox ilikuwa nacho. Google walitoa kiraka tarehe 11 Septemba, Mozilla wakatoa tarehe 12. Kwa hiyo hata aliyekuwa ameshahamia Firefox na kudhani kazi imekwisha, tundu lilimkuta hukohuko. Aliyepona ni yule ambaye kivinjari chake kilijisasisha na akakizima na kukiwasha upya.

Hapo kuna jambo la wale mnaotumia Deep Freeze. Najua mpo. Mteja anavuruga mashine, unawasha upya, inarudi kama ilivyokuwa. Ni kitu kizuri. Lakini je, umewahi kujiuliza sasisho linakwenda wapi? Kivinjari kinajisasisha mchana, usiku unazima, asubuhi mashine inarudi kwenye toleo uliloligandisha. Kila siku kinajisasisha, kila siku kinafutwa, na bando linakwenda. Kama umegandisha mashine, tenga saa moja kila wiki: igandue, fungua ule ukurasa wa Kuhusu, subiri kimalize, washa upya kivinjari, kisha igandishe tena.

Tuje kwenye kuhama kwenyewe.

Kwa Windows 7 na 8.1, njia iliyobaki yenye maana ni Firefox ESR 115, toleo linalopewa viraka kwa muda mrefu kuliko la kawaida. Ilitoka Julai 2023, na Mozilla wamesogeza mbele mwisho wake zaidi ya mara moja kwa sababu ya mashine kama zenu. Soma tangazo lao la mwisho wa toleo hilo kabla ya kusakinisha, na usilione kama ndoa. Windows 7 yenyewe iliachwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020, na kivinjari kizuri juu ya mfumo ulioachwa ni nafuu tu, haijawa tiba. Mashine yenye RAM ya GB 4 inaendesha Linux Mint bila shida, bure, na Firefox ya kisasa ndani yake. Wenye Windows 10, mfumo wenu nao uliachwa tarehe 14 Oktoba 2025 kwa wasiojiandikisha kwenye nyongeza ya viraka. Firefox ya kawaida, Chrome, Edge na Brave bado zinajisasisha humo, kwa hiyo mnao muda wa kupumua, lakini si mrefu.

Kupakua: andika anwani mozilla.org kwa mkono, juu kabisa. Usiandike "download firefox" kwenye Google ukabofya cha kwanza. Cha kwanza mara nyingi ni tangazo, na matangazo ya utafutaji yanayojifanya kampuni halisi yalienea kiasi kwamba Desemba 2022 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari na kuwashauri watu watumie kizuia-matangazo. Chagua faili kamili, lile linalosakinisha bila intaneti. Liko chini ya MB 100. Unapakua mara moja, unaweka kwenye flashi, unazunguka nalo mashine zote tano. Kabla hujapakua, bofya kulia kwenye Computer, chagua Properties, uone kama Windows ni ya biti 32 au 64. Ukichukua la 64 kwenye mashine ya 32 halitafunguka, halafu utasema Firefox ni mbovu.

Na flashi zetu tunazijua. Kabla ya kuliendesha faili kwenye kila mashine, bofya kulia, Properties, kisha Digital Signatures. Iandikwe Mozilla Corporation. Kama kichupo hicho hakipo, faili limechezewa au si lenyewe. Lifute.

Likishasakinishwa, Firefox itakuuliza kama unataka kuhamisha vitu kutoka Chrome. Hamisha alamisho, ambazo ni zile anwani za HESLB, RITA, TAUSI na nyingine za kila siku. Maneno ya siri usihamishe. Kwa nini? Kwa sababu si yako! Fungua orodha ya maneno ya siri kwenye ile Chrome ya zamani leo jioni, uone. Utakuta barua pepe za watu uliowahudumia mwaka jana. Anakuja kijana mwingine, anaandika herufi moja kwenye kisanduku cha jina, majina sita yanashuka, anachagua moja, na neno la siri linajijaza lenyewe. Hakuna udukuzi hapo. Amekaa kwenye kiti chako, amelipia dakika zake.

Sasa setingi za mashine ya mteja. Ingia kwenye Settings, kisha Privacy & Security. Ondoa tiki kwenye kuuliza kuhifadhi maneno ya siri. Kwenye History chagua Never remember history. Washa HTTPS-Only, inayolazimisha muunganisho uliosimbwa, kwa madirisha yote. Halafu sakinisha uBlock Origin, kizuia-matangazo cha Raymond Hill, kutoka addons.mozilla.org. Jina kamili, uBlock Origin, kwa sababu kuna nyingine inayoitwa uBlock tu na si hiyo. Chrome za sasa hazikubali tena uBlock Origin kamili. Google wanasema utaratibu wao mpya wa viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, ni salama zaidi, na hoja yao ina uzito kwa sababu nitakayoitaja mbele kidogo, ila kwa kaunta yenye matangazo ya "pakua hapa" kila kona, mimi nachukua kizuizi kamili.

Kuna mitego miwili hapo. Ukichagua kutokumbuka historia, Firefox inafanya kila dirisha kuwa la faragha, na viendelezi haviruhusiwi humo mpaka uviruhusu. Kwa hiyo weka tiki ya Run in Private Windows kwenye uBlock, la sivyo utadhani ipo kumbe imelala. Mtego wa pili: kumbukumbu za dirisha la faragha zinafutika pale tu Firefox inapofungwa yote. Ukifunga kichupo kimoja na kuacha kingine wazi, mteja wa kwanza bado yumo ndani. Mteja akiondoka, funga madirisha yote. Yote! Mfundishe mhudumu wako wa zamu ya jioni pia, maana yeye ndiye anayekuwa na haraka ya kufunga.

Hili linagusa WhatsApp. Nusu ya kazi zenu za kuprinti zinakuja kwa WhatsApp Web. Mteja anaskani msimbo wa QR kwenye kompyuta yako, anapakua CV, anaondoka. Kwenye Chrome ya zamani anabaki ameunganishwa, na meseji zake zinaendelea kuingia kaunta kwako wiki nzima. Kwenye dirisha la faragha, ukifunga inakufa. Ila faili alilopakua halifi: liko kwenye Downloads, pamoja na kitambulisho cha NIDA cha fulani, cheti cha ndoa cha fulani na barua ya posa ya fulani. Kivinjari hakikufutii hayo. Futa folda hiyo kila jioni, na pipa la taka pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na taarifa za wateja ulizozikalia zinahesabika.

Najua mnachosubiri. Kuprinti. Watu wengi wanairudia Chrome siku ya pili kwa sababu hii moja, na wala haihusiani na usalama. Unaprinti fomu kutoka Firefox, inatoka na tarehe chini na anwani ya tovuti juu, mteja anasema ofisini wataikataa. Au ukingo wa chini umekatwa. Au maandishi yamesinyaa. Tulieni. Kwenye dirisha la kuprinti bofya More settings. Ondoa tiki ya Print headers and footers. Angalia karatasi iwe A4, maana mara nyingine inakuja Letter, ambayo ni fupi kuliko A4. Kwenye Scale, badala ya Fit to page width, weka 100 kama fomu inataka ukubwa kamili. Ukishaprinti mara moja, kwa kawaida inakumbuka kwa printa hiyo. Kwa mashine zilizogandishwa, fanya haya kabla hujagandisha.

Fomu isipofunguka unapobofya kitufe cha kuprinti, angalia juu kwenye upau wa anwani. Firefox itakuwa imezuia dirisha ibukizi. Ruhusu kwa tovuti hiyo tu. Ukurasa ukivunjika vunjika, bofya ile ngao karibu na anwani, zima ulinzi kwa tovuti hiyo tu. Hiyo tu, narudia. Usizime kwa dunia nzima kwa sababu ya tovuti moja.

Jambo jingine kubwa ni onyo la cheti cha tovuti, kile kinachokithibitishia kivinjari kuwa tovuti ni yenyewe. Ule ukurasa unaosema muunganisho si salama. Mhudumu afanyeje? Wengi wenu mmewafundisha: bofya Advanced, bofya kuendelea, kazi iendelee. Na kwa nini onyo linatokea kila siku kwenye mashine ileile? Angalieni saa! Betri ya kwenye bodi imekufa, ile ya duara, CR2032. Umeme ukikatika, mashine inarudi mwaka 2009, na kwa kivinjari kinachodhani leo ni 2009, vyeti vya tovuti zote vinaonekana havijaanza kutumika. Betri hiyo unaipata kwa mafundi wa saa. Unafungua boksi, unachomoa ya zamani, unaweka mpya upande wa jumlisha ukiangalia juu, unarekebisha tarehe. Usipofanya hivyo unamzoesha mhudumu kuruka onyo mara ishirini kwa siku, na siku onyo likiwa la kweli ataliruka vilevile.

Na siku ya kweli ipo. Mwaka 2011, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikitoa vyeti vya tovuti, DigiNotar, ilidukuliwa, na cheti bandia cha Google kikatumika dhidi ya watu walioko Iran. Mtu akifungua Gmail, mawasiliano yake yangeweza kusomwa njiani. Vivinjari vingi vilikikubali cheti kile kwa sababu kilitoka kwa kampuni inayoaminika. Chrome ilikikataa, kwa kuwa ilikuwa imefundishwa ni vyeti gani hasa vya Google vya kukubali. Mtumiaji mmoja aliyeko Iran aliona onyo, na badala ya kuliruka akaenda kuuliza hadharani kwenye ukurasa wa msaada wa Google, Agosti mwaka huo. Hapo ndipo mambo yalipofumuka. Vivinjari vikaiondoa DigiNotar kwenye orodha zao, na mwezi uliofuata ikatangazwa kufilisika. Mhudumu wako angefanya nini siku ile?

Sasa viendelezi, kama nilivyoahidi. Kwenye mashine ya mteja weka kimoja tu, uBlock Origin. Kulikuwa na kiendelezi cha Chrome kinaitwa The Great Suspender, kilicholaza vichupo ili kuokoa RAM. Kizuri, kinapendwa, watumiaji zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2020 mwenyewe alikiuza, na mnunuzi akaingiza mambo yake ndani. Watumiaji hawakufanya kosa lolote, kilijisasisha tu kama kawaida. Februari 2021 Google ikakizima. Kiendelezi kinaona ukurasa ule ule anaouona mteja. Kwa hiyo kila unachoongeza, umemkaribisha mtu mwingine kaunta.

Hapa naomba msinikasirikie. Photoshop ya bure, ile iliyovunjwa leseni (crack), mnayotumia kwa picha za pasipoti, na kile kidude cha kuwasha Office ambacho kinasema uzime antivirus kwanza. Mnanisikia? Hicho ni mlango mpana wa programu zinazokusanya maneno ya siri na vidakuzi (cookies) kutoka vivinjari vyote kwa dakika moja. Oktoba 2024 polisi wa Uholanzi wakishirikiana na FBI walinyakua seva za programu mbili za namna hiyo, RedLine na META. Mbili tu, na zipo nyingine. Ukiwa na kitu hicho ndani, uwe na Firefox, uwe na Brave, uwe na chochote, umekwisha. Picha ya pasipoti inakatwa vizuri na GIMP, au Photopea inayofanya kazi ndani ya kivinjari, na barua zinaandikwa na LibreOffice. Zote bila malipo na bila crack.

Simu nitazipitia haraka. Opera Mini kwenye hali ya kubana sana data hupitisha kurasa kwenye seva za Opera ili zipunguzwe, kwa hiyo humo soma magazeti, benki usiingie. Kwenye Android, Firefox inakubali uBlock Origin, na bando mtaona linavyokaa. Kwenye iPhone za huku kwetu, Chrome na Firefox zote zinatumia injini ya Safari chini kwa chini, kwa hiyo huko kusasisha iOS ndiko kunakoleta kiraka.

Anzeni na mashine moja, ile yenye kazi nyingi za serikali. Iacheni Chrome ya zamani ikae wiki moja bila njia yake ya mkato kwenye skrini, mpaka mhudumu azoee dirisha la kuprinti. Kisha iondoeni, na inapouliza kama ifute na data za kuvinjari, weka tiki kwenye ndiyo, maana akaunti za Gmail za wateja walioingia zikasahaulika bado zimo humo. Nimekuja na flashi yenye faili za biti 32 na 64. Wenye mashine hapa njooni mbele, na kabla hujachomeka, nionyeshe Digital Signatures.